Listi ya Waliokuwepo

Milango ya mbao kwenye avenyu ile, upande wa chini wa mtaa wa Keshero mjini Goma, ilikuwa imejaa namba. Namba ya kwanza ilikuwa ya rangi nyekundu, iliyoachwa na watu wa chanjo. Ya pili ilikuwa ya chaki, ya wale waliokuja kuhesabu nyumba baada ya volkano. Ya tatu iliandikwa kwa kalamu nene ya bluu na watu wa mradi wa maji, ambao maji yao hayakufika. Nilipotokea mimi na kopo langu dogo la rangi ya njano, mama mmoja aliyekuwa akifua mbele ya nyumba yake aliniangalia, akauangalia mlango wake, akasema, "Tafuta nafasi yako, mama. Kama kunabaki."

Sikuandika namba. Nilirudisha kopo mfukoni, nikamwambia nitapita siku nyingine, na njia nzima hadi barabarani nikawa najiuliza kama nimetumia busara au nimeshindwa kazi siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jiolojia miaka miwili kabla, na miaka hiyo miwili niliimaliza nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Ndosho, nikiandika barua za kuomba kazi na kuzisoma tena baada ya kuzituma, nikitafuta neno lililoniharibia. Hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Mkataba wa miezi sita, gile, yaani kizibao, ya rangi ya machungwa, na simu ya ofisi.

Siku hizo uwanja wa ndege ulikuwa bado unafanya kazi, na wageni wenye miradi walikuwa wakija na kuondoka. Mradi wetu ulikuwa mdogo. Anayeishi Goma anajua mazuku: ni mashimo na vibonde kwenye mawe ya volkano ambamo gesi ya kaboni inatoka ardhini na kulala chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, haina harufu. Asubuhi mapema, kabla jua na upepo havijaitawanya, mbuzi akishuka humo kula majani hapandi tena. Mradi ulitaka kuteremsha bomba kwenye shimo moja la namna hiyo, kuivuta gesi, kuichanganya na maji kama inavyochanganywa kwenye soda, halafu kuisukuma chini sana, kwenye mawe ya volkano za zamani, ambako polepole ingegeuka kuwa jiwe. Tuliambiwa kwamba kwenye nchi nyingine imewezekana. Kwetu yangekuwa majaribio.

Bomba halikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa watu: kuwaeleza, kuwasikiliza, na kuleta ofisini ushahidi kwamba wamekubali. Wafadhili wasingeleta mashine bila ushahidi huo.

Shimo lililochaguliwa lilikuwa na nyumba moja ukingoni, hatua kama kumi na tano kutoka pale ardhi inapoanza kushuka. Mashine zingehitaji nafasi, kwa hiyo nyumba ingeondolewa. Kwenye ramani ya ofisi ilikuwa mraba mdogo wa kijivu. Mle ndani ya mraba aliishi mama mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mukecuru, jina la heshima la mwanamke mzee kwa Kinyarwanda. Nilikwenda kumwona wiki ile ya kwanza, nikiwa na daftari ambalo nilikuwa nimeandika maswali thelathini na moja ambayo watu wangeweza kuuliza, kila moja na jibu lake. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliniacha niseme mpaka mwisho, dakika ishirini nzima.

"Mutoto yangu," akasema, "Masisi nilitolewa na vita. Mujini nilitolewa na lava. Kwenye kambi nilitolewa na mvua. Sasa unataka nitolewe na bomba."

Nikamwambia kwamba hakuna kilichoamuliwa, kwamba nyumba nyingine ingejengwa, nzuri zaidi, na kwamba mtaa mzima ungeulizwa kwanza.

"Nyumba muzuri wapi?"

Jibu hilo halikuwa kwenye daftari. Nikasema labda upande wa Ndosho.

"Ndosho simujui mutu. Nimehama mara tatu. Mara ya ine sina miguu yake." Akarudi kwenye maharagwe. "Mutaa ukikubali, nitatoka. Sitapigana na batu bote. Lakini bakubali kweli, nisikie."

Niliandika kwenye daftari: *mjane, nyumba ya ukingoni, atafuata uamuzi wa mtaa*. Nilipoisoma jioni, ilionekana kwangu kama habari njema.

Mkutano mkubwa ulifanyika Ijumaa moja ya mwezi wa pili kwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumbani, ya shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, mzee mpole aliyekuwa amekaribisha mikutano mingi mno hata viti vya plastiki vilikuwa vimebaki kwake moja kwa moja. Watu walikuja wengi. Injinia wetu, mkuu wa mradi, alisema maneno ya ufunguzi, halafu akaniachia. Nilikuwa nimetayarisha onyesho. Niliweka mshumaa kwenye beseni, nikauwasha, nikamwaga siki juu ya magadi pembeni mwa beseni, nikawaambia waangalie. Mshumaa ukazimika.

 Kisha mama mmoja mstari wa nyuma akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, ulisoma miaka ngapi?"

"Mitano," nikajibu.

"Miaka tano ili utuonyeshe mushumaa?"

Parseli nzima ikacheka, na mimi nikacheka, na nilipokuwa nacheka nilikuwa najua kwamba nitalikumbuka jambo hili nikiwa na miaka hamsini. Watu wale walikuwa wakishusha mishumaa na vipande vya karatasi vinavyowaka kwenye mashimo yale tangu kabla sijazaliwa. Ndivyo walivyojua asubuhi ipi mbuzi wafungwe. Mimi nilikuwa nimekuja kuwafundisha kitu ambacho watu kama wao walinifundisha kwa kinywa cha mama yangu nilipokuwa na miaka sita.

Halafu maswali yakaanza, na yalikuwa na akili kuliko yangu thelathini na moja.

"Ile gazi inatoka chini," alisema kijana mmoja wa moto, yaani pikipiki ya kubeba abiria, helmeti mkononi. "Inatuua sababu inatoka chini. Na ninyi munataka kuirudisha chini. Si itapanda tena?"

Nikaeleza habari ya mawe, ya kina, ya soda.

"Soda mutu akiifungua inatoka," akasema.

"Haitafunguliwa."

"Volkano haijui kama haitafunguliwa."

Wakapiga makofi. Mwingine akauliza kwa nini nchi zenye magari mengi na viwanda hazifukii moshi wao kwao. Mwingine akasema labda ni mafuta tunatafuta, gesi ni kisingizio. Mama mmoja akasema hajaelewa kitu ila ameona kwamba nyumba ya Mukecuru itaondoka, na kama ya Mukecuru inaondoka leo ya kwake itaondoka kesho. Mukecuru mwenyewe alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na uzio.  Nilimwona anasikiliza kila mtu kwa zamu, kama mtu anayesubiri hukumu na anataka kuwajua mahakimu wake. Mwisho wa saa mbili, kama ningeulizwa mtaa ule umesema nini, ningejibu bila kuwaza, mimi ambaye siwezi hata kuchagua mahali pa kukaa bila kuwaza: umekataa.

Kisha injinia akasema, "Sasa tupitishe listi ya prezansi."

Sijui kama mahali pengine duniani mambo yako hivi. Kwetu hakuna mkutano bila listi ya waliohudhuria: jina, kazi, namba ya simu, sahihi. Na wakati wa volkano, na wakati wa kambi, mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye listi hakupata turubai, hakupata maharagwe, hakupata sabuni. Unaweza kubishana, unaweza kutukana, unaweza kuondoka kabla ya mwisho, lakini listi huiachi. Watu walewale waliokuwa wamepiga makofi dhidi yetu walisimama wote kwa pamoja. Kijana wa moto alikuwa wa pili. Kuna aliyeandika jina lake na la mke wake, kuna aliyeandika la shemeji aliyeko Birere dukani. Shefu wa avenyu alikuwa anapaza sauti, "Moja moja! Musipasue karatasi!" Mukecuru alisubiri mpaka msongamano ukapungua, akaja, akaniambia jina lake nimwandikie, akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye kisanduku. Halafu kila mtu akapewa sukre, ndivyo tunavyoita soda, na wakaenda zao wakizungumza juu ya mambo mengine.

Jumamosi nilikaa ofisini kuandika ripoti. Fomu ilikuwa imetoka kwa wafadhili ikiwa imekwisha pangwa. Kulikuwa na nafasi ya muhtasari wa maoni, mistari mitano. Nikaandika kwamba jamii ilikuwa na wasiwasi na ilipata maelezo. Na kulikuwa na Nyongeza ya Tatu, ambayo kichwa chake kilikuwa kimechapwa tayari: *Orodha ya wanajamii waliokubali mradi*. Chini ya kichwa palikuwa peupe, pa kuweka karatasi za sahihi.

Siwezi kusema sikujua. Nilikaa mbele ya kichwa kile muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa. Nilijiambia kwamba kukubali ni neno pana. Nilijiambia kwamba mtu aliyekuja, akasikiliza, akaweka sahihi, kwa namna fulani amekubali kitu, hata kama ni kuwepo tu. Nilijiambia kwamba fomu haikuwa yangu. Nilijiambia kwamba nikianza kubishana na vichwa vya fomu kwenye mwezi wa pili wa kazi yangu ya kwanza, hakutakuwa na mwezi wa saba. Nikapanga karatasi, nikazibana kwa stepla, nikaziweka mezani kwa injinia ili azitume Ijumaa itakayofuata. Stepla ilikwama mara mbili. Hata hilo nililiwaza.

Jumatatu asubuhi mlinzi akaja kuniambia kuna mtu nje. Alikuwa Mukecuru. Alikuwa ametembea kutoka Keshero hadi ofisini kwetu, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimejaa vumbi jeusi. Nikamletea kiti. Hakukaa.

"Kidole yangu ilitoka mubaya," akasema.

Sikuelewa.

"Kwenye listi. Wino ilikuwa kidogo. Niliona alama haionekani muzuri. Nimekuja kuweka tena, basiseme siko."

Aliniinulia kidole gumba, kimeoshwa, kikavu, tayari.

Nimekumbuka kidole kile mara nyingi. Ningeweza kumletea wino. Lingekuwa jambo la sekunde kumi, angeondoka ameridhika, na nisingekuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilisimama pale, nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikayapima mambo yote kwa wakati mmoja: mkataba wangu, mama yangu ambaye alikuwa amewaambia majirani wote kwamba nina ofisi, injinia, gesi, nyumba. Mwishowe nadhani nilichoka tu kupima.

"Mukecuru," nikasema, "ile listi haina msaada wowote. Haileti maharagwe wala turubai."

"Inaleta nini?"

"Inasema mumekubali."

"Tumekubali nini?"

"Bomba. Na nyumba yako kuondoka."

Akakishusha kidole. Sasa ndipo akakaa. Aliangalia gile yangu, halafu kalamu iliyokuwa mfukoni mwa gile.

"Nani aliandika hivyo?"

"Mimi niliziweka pamoja."

"Wewe ulikuwepo. Ulisikia batu wakisema hapana."

"Nilisikia."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alisema tu, "Na mimi niliweka kidole. Nilikuona unaandika jina yangu, nikasema huyu mutoto ananisaidia." Kisha akaomba maji, akanywa, akakunja kitenge chake vizuri, na akaondoka kwa miguu kama alivyokuja, kabla sijafikiria kumtafutia moto ya kumrudisha.

Injinia alikuwa mtu wa Bukavu, karibu miaka hamsini, ambaye familia yake ilikuwa imebaki kule na yeye alikuwa anakula peke yake kila siku kwenye mgahawa uleule. Hakuwa mtu mbaya. Nilipomaliza kumweleza alivua miwani, akasugua macho.

"Mama, unawaza sana."

"Najua, bosi."

"Kila mradi unafanya hivi. Mimi nimeandika ripoti ngapi? Nyongeza hakuna mutu anasoma."

"Basi tukiandika ukweli hakuna atakayeona."

Akacheka kidogo, bila furaha. Alichukua karatasi zile, akazipitia. Aliona kidole cha Mukecuru, doa hafifu la zambarau.

"Wafadhili wakiona mtaa umekataa, watahamisha shimo. Au watahamisha mradi kabisa. Unaelewa? Na kazi yako ni ya mtaa huu."

"Ninaelewa."

"Ile gesi inaua, mama. Hilo pia ulifikirie. Sisi si wezi. Tunataka kuitoa."

Hilo nilikuwa nimelifikiria kuliko yote, na lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeusoma mradi ule kila ukurasa na niliuamini. Bado ninauamini. Nilimwambia hivyo. Akavaa miwani yake tena, akasema, "Fanya mkutano mwingine Alhamisi. Bila sukre, bajeti imeisha. Bila listi mpya. Chukua hii hii, uwaulize mmoja mmoja. Nitakuja na mimi. Tuone kama kuna atakayekuja."

Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, labda thuluthi. Mvua ilikuwa imenyesha na viti vilikuwa na maji. Nilisimama mbele yao na karatasi zile zilizobanwa, nikasema nilichokuwa nimejizoesha kusema njia nzima: kwamba Ijumaa iliyopita walitia sahihi ya kuwepo, na kwamba mimi niliiweka chini ya kichwa kinachosema wamekubali, na kwamba nilikosea.

Zikazuka kelele.

"Kumbe!"

"Mimi nilikubali nini? Mimi nilikunywa Fanta!"

"Na shemeji yangu hakukuwepo ata kidogo, naye alikubali!"

"Wewe ndio ulimuandika, mujinga!"

Shefu wa avenyu alipiga chupa kwa kijiko mpaka wakatulia. Nikachora safu tatu kwa rula pembeni ya majina: *ndiyo*, *hapana*, *nilikuwepo tu*. Nikaanza kusoma. Kila aliyeitwa alijibu kwa sauti, mbele ya wenzake. Wengi walisema walikuwepo tu. Walilisema kwa kuridhika fulani, kama watu waliorudishiwa kitu kilichochukuliwa bila wao kujua. Kijana wa moto alisema hapana, na aliomba niandike pia sababu yake, ile ya volkano isiyojua, nikaandika.

Nilipofika karibu na katikati nikasoma jina la baba mmoja, papa tunavyosema, muuza makala, yaani mkaa, mtu mrefu aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. Siku ya kwanza hakuwa amesema neno.

"Ndiyo," akasema. "Andika ndiyo, na uandike kubwa."

Watu wakageuka.

"Mwaka jana binti yangu alishuka kufuata mbuzi," akaniambia mimi, ingawa wote isipokuwa mimi na injinia walikuwa wanajua. "Alikuwa na miaka tisa. Hawa bote walikuja kwa matanga, wakakula, wakarudi kwao. Shimo iko pale pale. Kama kuna mutu anaweza kuinyonya ile gazi, ata kama ni shetani, ainyonye." Halafu akamgeukia Mukecuru. "Wewe unalilia mbao. Mimi nililia mutu."

Nilishika kalamu na sikuandika. Thelathini na moja, nilikuwa nimeandika maswali thelathini na moja na hakuna hata moja lililokuwa na mtoto huyu.

Mukecuru alisimama polepole kutoka kwenye jiwe lake.

"Papa," akasema, "nani alimutoa mule?"

Hakungoja ajibu.

"Nilishika pumzi, nikashuka, nikamuvuta miguu. Mara mbili nilirudi kuvuta hewa. Unasahau?"

"Sisahau."

"Sababu nakaa pale. Nikiamuka naangalia kule chini mbele ya kuangalia ata moto yangu ya kupikia. Mbuzi ngapi nimefukuza, batoto ngapi. Wako nilichelewa kumuona. Hiyo iko kwangu, nitaenda nayo." Sauti yake haikupanda. "Lakini hawa bakinitoa, waulize nani atakaa pale kuangalia."

Akamwelekea injinia. "Ile bomba ikipasuka asubuhi, jua halijatoka, nani atapiga kelele?"

Injinia akasafisha koo. "Kutakuwa na mashine ya kulia, mama. Inalia yenyewe."

"Moto wa umeme ukikatika?"

Mtu akacheka tayari.

"Ina betri."

"Nani anaangalia betri?"

"Fundi."

"Fundi anakaa wapi?"

Injinia alisita. "Himbi."

Parseli nzima ikaangua kicheko, hata shefu wa avenyu, hata mimi. Kutoka Himbi, mtaa mwingine wa mji, asubuhi, na hali ya barabara ile. Muuza makala peke yake hakucheka. Lakini hakuondoka. Aliegemea nguzo ya mlango na kuangalia chini.

Mukecuru akanigeukia mimi. "Na wewe unasema nini? Nani atapiga kelele?"

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikutafuta kwenye daftari. "Sijui," nikasema. "Hakuna aliyefikiria hilo."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika kwenye nafasi ya juu, kwa mkono, chini ya kichwa kilichochapwa ambacho nilikuwa nimekikata kwa mstari mmoja wa rula. Mukecuru akasema hapana yake, nikaweka alama. Ijumaa injinia aliituma vile vile, na wino, na mstari, na alama ya maji ya mvua kwenye kona. Aliandika maelezo mafupi ya kuambatanisha, ambayo sikuyasoma. Nilijizuia nisiombe kuyasoma, na hiyo ilikuwa kazi.

Jibu lilichukua wiki sita. Katika wiki hizo niliendelea kwenda mtaani, nikisalimia, bila kitu cha kusema. Watu walinizoea. Waliacha kuniita ONG, yaani mtu wa shirika, wakaanza kuniita Nilikuwepo. "Nilikuwepo anapita!" vijana wa moto walisema wakiniona kwenye kona. Jibu lilipofika lilikuwa aya mbili. Kwa kuwa makubaliano ya jamii hayakuthibitika, majaribio yangehamishiwa shimo jingine upande wa barabara ya Sake, mahali pasipo na nyumba karibu. Shughuli za Keshero zingefungwa mwisho wa mwezi. Injinia alinipa karatasi, akaniambia pole, akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda kumwambia Mukecuru siku ileile. Nilikuwa nimeacha gile ofisini. Njiani nilikuwa natafuta namna ya kusema, kwa sababu habari ilikuwa njema kwake, na kwa muuza makala ilikuwa habari nyingine kabisa, na sikujua ni nani kati yao wawili ningekutana naye kwanza.

Nilikutana nao wote wawili. Walikuwa ukingoni mwa shimo pamoja na watu wengine wanne au watano wa avenyu, wakipanga mawe ya lava. Muuza makala alikuwa ameleta mawe kwa chukudu yake, ile baiskeli ya mbao anayobebea makala, mizigo mitatu au minne, na sasa walikuwa wanajenga ukuta wa kuzunguka lile bonde. Ulikuwa umefika magotini. Niliwaambia habari nikiwa nimesimama. Mukecuru aliitikia kwa kichwa mara moja, akaweka jiwe alilokuwa ameshika, akashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani. Hakusema asante na sikutaka aseme.

"Kwa hiyo haiji," akasema muuza makala.

"Haiji."

Aliangalia chini mle, kwenye majani mabichi ambayo hakuna mbuzi aliyeyala. "Ndiyo maana tunajenga," akasema. "Hatukungoja."

"Ukuta hauzuii gesi," nikasema, na nikajuta kabla sijafunga mdomo.

"Tunajua, mama. Unazuia batoto."

Walirudi kwenye kazi. Mimi sikujua kama niage au nikae. Kisha Mukecuru akauliza, bila kunitazama, "Wewe ulisoma mambo haya. Tukiziba pande zote, ile hewa haitajaa na kumwagika kwangu?"

Lilikuwa swali zuri. Nilizunguka shimo lote. Nikaangalia ardhi inashukia wapi, nyumba ya karibu iko upande gani, upepo wa ziwani unaingilia wapi asubuhi. Nikazunguka tena. Nikajiuliza kuhusu mvua, na kuhusu mawe yenyewe kama yangeacha nafasi kati yao, na kuhusu njia ndogo ambayo sikuiona mara ya kwanza. Muuza makala alikuwa ameshika jiwe mikononi muda wote huo.

"Mama," akasema, "hili jiwe ni zito."

"Ngojeni kidogo," nikasema.

"Tunangoja."

Nikawaonyesha upande wa chini, unaotazama ziwa, ambako hakuna njia wala nyumba, mawe matupu tu mpaka majini. Nikasema waache mwanya pale, mwembamba, mtoto asipite. Nikasema nadhani. Nikasema sina hakika kamili, na kwamba ningependa kurudi asubuhi kadhaa na mshumaa kuona.

"Njoo mapema," akasema Mukecuru. "Mimi niko."

Muuza makala akaliweka jiwe, akaacha mwanya. Nikavua saa yangu, nikaitia mfukoni, nikachukua jiwe lililofuata kwenye chukudu. Lilikuwa na ncha kali, na lilinikata kiganja kidogo, na hapakuwa na mahali pengine pa kulishikia.